Swali la Tano

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza, kumwamsha mdogo wangu, na kumwamsha yule mtoto ni vita kamili. Ya pili, kufagia chini ya meza ya mama pale bandani, maana vipande vya vitambaa vya jana vilikuwa vimezagaa kila mahali. Ya tatu, kumtilia mama uzi kwenye sindano ya cherehani, kwa sababu macho yake yalikuwa yanagoma asubuhi. Nilizimaliza zote kabla kengele ya shule haijalia.

Ndiyo maana niliitwa Chapchap. Jina hilo alinipa Babu Soli, mzee fundi viatu aliyefanya kazi jirani na meza ya mama, nalo likaninata mpaka mwalimu akalitumia. Mama mwenyewe akawa Mama Chapchap, na alilipenda.

"Huyu mtoto wangu," aliwaambia wateja, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni, "ukimtuma, kabla hujakaa vizuri ameshakurudia."

Nilikuwa navimba kichwa, sitaki kudanganya. Uongo nimeshasema wa kutosha, kama mtakavyoona.

Banda lenyewe halikuwa la kujivunia. Lilikuwa mabati machakavu juu ya nguzo nane, pembeni ya njia panda ambapo mabasi yalishusha watu. Mahali hapo tulipaita Katikati, kwa kuwa maduka, zahanati, soko dogo la mboga na shule vyote vilikuwa hapo hapo. Chini ya mabati hayo walifanya kazi mafundi cherehani saba, fundi redio mmoja na Babu Soli, wote watu wa mtaa wetu. Mvua ikinyesha, walisukuma mashine huku na huku kukwepa sehemu zinazovuja. Maji ya kunywa waliyafuata mbali, kwa ndoo. Lakini kila aliyeshuka basi aliwaona. Aliyechanika suruali au kukatikiwa na ndala alikuwa anaangukia mikononi mwao. Mama alitulea mimi na mdogo wangu kwa banda hilo, peke yake, na hatukuwahi kulala njaa hata siku moja.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Siku moja aliingia darasani mwanamke kijana kutoka halmashauri, amebeba ramani iliyoviringishwa, ndefu karibu imzidi kimo. Kabla hajaketi tulikuwa tumeshampa jina, Dada Ramani.

"Katikati yenu inajengwa upya," alisema. "Mji unakua na watu wanaongezeka. Halmashauri inataka kujua wakazi wenyewe wanataka nini, kabla ya kuchora chochote. Pale ofisini tuko watatu tu, hatuwezi kufika kila nyumba. Ninyi mnaweza. Kila mmoja atachukua mtaa mmoja, na kila nyumba ina fomu yake."

Mwalimu wetu aliongeza, akigonga meza kwa kidole. "Mnapiga hodi, mnasalimia, mnauliza, mnaandika. Mnaandika anachosema mtu, si mnachofikiri ninyi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!" tuliitikia kwa pamoja, wengine tukiwa tunaangalia nje ya dirisha.

Mimi nilipewa mtaa wetu. Ulikuwa na nyumba ishirini na mbili, na tulipewa siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Niliona ni mchezo tu. Kwa miguu yangu hii, nilijiambia, hata siku moja inatosha.

Kwa hiyo Jumatatu nikaruka kamba. Jumanne nikaruka kamba. Jumatano alipita mwenzangu wa dawati, msichana tuliyemwita Kobe kwa sababu kila kitu alikifanya polepole. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Umefika nyumba ya ngapi?" nilimwuliza bila kuacha kuruka.

"Ya kumi na moja. Kuna bibi mmoja kanikalisha saa nzima. Anataka kivuko pale mbele ya zahanati. Mjukuu wake aligongwa na pikipiki hapo."

"Saa nzima kwa ajili ya kivuko! Wewe utamaliza mwakani."

"Sasa ningemkatiza vipi? Alikuwa analia," alisema Kobe, akaenda zake.

Alhamisi mchana nikashtuka. Fomu zote zilikuwa mkobani, safi, hata moja haijaguswa. Nilitoka shule nikaenda bandani kama kawaida, nikajipenyeza chini ya meza ya mama ya kukatia nguo, mahali pangu pa kufanyia kazi za shule. Nikafungua fomu ya kwanza.

Maswali manne ya mwanzo yalikuwa mepesi. Namba ya nyumba, idadi ya watu, wamekaa mtaani miaka mingapi, wana umeme au hawana. Hayo ningeweza kuyajibu mwenyewe, maana wote ni majirani. Swali la tano liliuliza hivi: Je, kuna mtu wa nyumba hii anayefanya kazi au biashara Katikati? Chini yake palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo. Ukijibu Ndiyo, endelea na swali la sita hadi la kumi na tisa. Ukijibu Hapana, nenda ukurasa wa mwisho.

Mtu anayeitwa Chapchap hahitaji kuelezwa mara mbili. Niliweka alama kwenye Hapana, nikaruka kurasa tatu, nikafika mwisho. Nyumba ya pili, Hapana. Nyumba ya tatu, Hapana. Nilibadilisha kalamu, nyingine nikaandika kwa mkono wa kushoto ili miandiko isifanane. Moyo ulinidunda kidogo kwenye zile tatu nne za mwanzo, halafu ukazoea.

Ukurasa wa mwisho uliuliza: Ungependa kijengwe nini? Hapo nikakumbuka picha niliyoiona kwenye kalenda ya duka la dawa. Ilikuwa na bwawa la mviringo na maji yanaruka juu, watu wamekaa pembeni wanatabasamu. Nikaandika, tunaomba bwawa la maji ya kuruka. Kwenye nyingine nikaandika bwawa zuri, kwenye nyingine maji yanayoruka hewani. Nyumba ishirini na mbili, na zote kiu yao ni maji ya kuruka! Chini kabisa palitakiwa jina na sahihi ya mwenye nyumba; majina niliandika yale tuliyozoea kuitana mtaani, sahihi nikazichora za kubuni.

"Unaandika nini huko chini?" aliuliza mama. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga pedeli karibu na sikio langu.

"Kazi ya shule, mama."

"Haya. Sogea kwenye mwanga, usije ukaharibu macho kama mimi."

"Mwache msomi wetu," alidakia Babu Soli, akiwa amebana misumari midogo mdomoni. "Kesho keshokutwa atakuwa mkubwa wa halmashauri, atujengee choo."

Banda zima lilicheka. Nami nilicheka kule chini, fomu ya Babu Soli ikiwa mkononi mwangu. Watu tisa niliopaswa kuwauliza walikuwa wamenizunguka. Ningeinua kichwa tu.

Fomu ya mwisho ilikuwa ya nyumba yetu. Sahihi ya mama nilikuwa naiona kila muhula kwenye ripoti yangu, na niliiga vizuri hata nikajisifu. Hapana, nikaandika kwenye swali la tano. Juu ya kichwa changu mama alikuwa akipinda sketi ya mwanafunzi wa shule yetu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza kurudisha. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, nikapigiwa makofi, nikapewa mkebe wa vifaa vya hesabu, mpya, wa bati linalong'aa. Kobe alirudisha zake Jumatatu iliyofuata, kurasa zimejaa mpaka pembeni, akakaripiwa kwa kuchelewa.

Mimi nilijiona mjanja. Lakini mambo yakaanza kuzungumzwa bandani, kwa sababu mitaa mingine ilikuwa imeshaulizwa na kwetu hakujafika mtu.

"Wakija, mimi ninayo matatu tu," alisema Babu Soli, akihesabu kwa vidole vyeusi vya gundi. "Bomba la maji. Choo. Bati lisilovuja. Hata wakiniamsha usingizini nitayataja kwa mpangilio."

"Mimi nitaomba kabati la kufungia cherehani," alisema mama. "Nimechoka kuibeba asubuhi na jioni." Kisha akanigeukia. "Hivi mtaa wetu kapewa nani pale darasani? Mbona haji?"

Niliinama kuokota vipande vya vitambaa. "Sijui, mama. Atakuja tu."

Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi mno. Hakuna kilichokuwa kimechorwa bado. Ningesema wakati ule, ningechapwa maneno, ningerudisha mkebe, basi, yameisha. Sikusema. Niliogopa kupoteza mkebe wa bati na makofi ambayo yalikuwa yameshapigwa.

Miezi ikapita. Mchoro ulibandikwa kwenye ukuta wa zahanati, na chini yake tangazo kwamba mwenye neno alilete halmashauri ndani ya siku thelathini. Tulikimbia kwenda kuutazama, wanafunzi wote. Kobe alipiga kelele za furaha. "Kivuko cha bibi! Kiangalie, mbele ya zahanati, kimechorwa!"

Mimi nilitafuta njia panda yetu. Niliona miti, niliona mabenchi, niliona maegesho ya magari. Na katikati kabisa niliona duara la rangi ya buluu, limezungukwa na mistari midogo ya maji. Lo, bwawa langu! Nilifurahi, nakiri, kwa muda wa kama kufumba na kufumbua. Halafu nikatafuta banda. Nikafuata barabara kwa kidole kutoka shule, nikahesabu maduka, nikafika mahali pa banda. Kidole changu kilikuwa ndani ya bwawa.

Nilikimbia kurudi bandani nikidhani nitakuta kilio, nikakuta wanacheka na kufanya kazi. Walikuwa wameshauona mchoro.

"Mchoro ni karatasi," alisema Babu Soli. "Mitaa yote imeulizwa, wetu bado. Hawawezi kutuondoa bila hata kutuuliza. Hao ni watu wa serikali, wana utaratibu wao."

"Ni kweli," wenzake wakasema, wakaendelea kushona. Walikuwa wanamsubiri mtu wa kuwauliza. Siku thelathini zikapita hivyo, na mimi nilikuwa nafagia chini ya meza ya mama kila asubuhi.

Siku ya alama nyekundu nilikuwa wa kwanza kuziona, kwa kuwa nilikuja kufagia. Nguzo zote nane zilikuwa na msalaba wa rangi, na kwenye nguzo ya mama palikuwa na karatasi. Siku kumi na nne, wote wawe wameondoka. Mama alifika na cherehani mabegani, akaisoma karatasi akiwa bado ameibeba. Hakuishusha mpaka Babu Soli alipompokea.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa shule yetu. Mwenyekiti wa mtaa alikaa mbele, na Dada Ramani kando yake na rundo la majalada. Mafundi walikuja wote, wamevaa nguo zao nzuri. Mimi nilikaa nyuma ya mama. Babu Soli alisimama wa kwanza, akiegemea fimbo yake, kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa unamsumbua.

"Mama mkubwa," alimwambia Dada Ramani kwa heshima, ingawa angeweza kuwa mjukuu wake, "sisi hatukatai maendeleo. Tunauliza jambo moja. Kwa nini hatukuulizwa?"

Dada Ramani alifungua jalada. Hakuwa na dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mzee wangu, mliulizwa. Mtaa namba saba, nyumba ishirini na mbili. Fomu zote ninazo hapa. Hakuna nyumba hata moja yenye mtu anayefanya kazi Katikati. Na wote mliomba bwawa."

Ukumbi ulilipuka. "Bwawa la nini?" "Nani aliomba?" "Sisi tunabeba maji kwa ndoo, tuombe maji ya kuchezea?" Mwenyekiti alipiga meza mpaka kiganja kikamwuma.

"Jamani, sahihi zenu hizi hapa," alisema Dada Ramani, sasa na yeye akionekana kuchanganyikiwa. Alichomoa karatasi moja, akasogea mbele. "Mama Chapchap ni nani?"

Mama alisimama. Alipokea fomu, akaiweka mbali kidogo na macho yake kama anavyofanya na uzi. Niliona mgongo wake tu. Mgongo huo ulinyooka, halafu ukalegea.

"Mama, hii ni sahihi yako au siyo?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama hapo hapo. Sikusimama. Nilisubiri, kwa sababu nilitaka kusikia mama atasema nini. Watu wakaanza kugeuka.

"Inafanana na yangu," alisema mama.

Alikuwa ananificha. Mbele ya majirani zake wote, na banda lake likiwa limebakiza siku tisa, mama alikuwa tayari waone ni yeye aliyewauza, ili wasione ni mimi. Hapo ndipo miguu yangu iliponiinua.

"Si ya kwake," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Si ya kwake. Niliandika mimi. Zote niliandika mimi, chini ya meza. Sikumwuliza mtu."

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningeona afadhali wangenipigia. Mwalimu wetu alishika kichwa. Fundi redio alitema mate dirishani. Babu Soli alinitazama, kisha akacheka kile kicheko chake, lakini nusu yake tu.

"Kumbe nilishaulizwa!" alisema. "Na mimi nilijibu nini, mjukuu wangu?"

"Ulijibu hapana, babu."

"Nikaomba nini?"

"Bwawa la... la maji ya kuruka."

"Na mimi muda wote nimekariri bomba, choo na bati," alisema, akaketi. Kuanzia siku hiyo hakuniita tena Chapchap.

Dada Ramani alisimama katikati ya ukumbi. "Huyu mtoto amekosa," alisema, "na mimi pia. Nilipita pale bandani mara tatu nikiwa napima barabara. Niliwaona. Hata viatu vyangu vilishonwa pale. Nikarudi ofisini, nikafungua jalada, jalada likaniambia hakuna mtu, nikaliamini. Ningeuliza mara moja tu."

Lakini kuomba radhi hakukurudisha kitu. Mwenyekiti alieleza kwamba mkandarasi ameshapewa kazi na mashine ziko njiani. Banda lingevunjwa. Walichoweza kufanya ni kuuliza upya mtaa wetu na kuona kama kuna nafasi kwingine ndani ya mchoro ule ule. Wengine waliondoka kabla hajamaliza kusema.

Tulirudi nyumbani mimi na mama kwa miguu, yeye mbele. Sikuthubutu kumfikia. Nyumbani alivua viatu, akachukua gauni la mteja, akaanza kufumua mshono uliokwenda upande. Nilikaa sakafuni, nikasubiri kuchapwa. Hakunichapa.

"Unajua nini kimeniuma?" alisema hatimaye. "Si banda. Banda ni mabati. Watu wa halmashauri walituma kuuliza, huyu mama yupo au hayupo? Anafanya kazi au hafanyi? Nawe, mwanangu wa kumzaa, ukawajibu kwamba sipo. Na ulikuwa umekaa miguuni pangu."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakusifu kwa haraka zako," aliendelea, "kwa hiyo na mimi nina kosa. Nilikufundisha kumaliza. Sikukufundisha kufanya. Sasa sikiliza vizuri. Mtu akikupa kazi ya kuwasemea wenzako, amekuamini na maisha yao. Usiifanye kama unafagia uchafu uende chini ya meza. Kama huiwezi, irudishe, sema siwezi. Hakuna aibu hapo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Kesho tunakwenda. Nyumba zote."

Tulikwenda. Kila hodi niliipiga mimi, kila shikamoo niliitoa mimi, na kabla ya kuuliza chochote ilibidi nieleze nilichofanya mara ya kwanza. Nyumba ya tano walinifungia mlango usoni. Nyumba ya tisa mama mmoja alinijibu maswali yote kumi na tisa bila kunitazama hata mara moja. Tulitumia siku sita. Tulipomaliza, nyumba kumi na mbili zilikuwa na mtu anayefanya kazi Katikati. Nyumba kumi na tisa ziliomba bomba la maji. Aliyeomba bwawa hakuwepo. Mkebe wa bati niliurudisha kwa mwalimu, naye akaufungia kabatini.

Banda lilivunjwa siku ya Jumatano, asubuhi moja tu, nguzo nane zikaenda kwenye lori.

Baada ya miezi minne mafundi walipata mahali papya. Nitasema haki, palijengwa vizuri kuliko pale pa zamani. Bati halivuji, kuna bomba, kuna choo, na kila fundi ana kabati lake lenye kufuli. Yale ya Babu Soli yote matatu yalipatikana, na lile la mama pia. Ila nafasi iliyobaki kwenye mchoro ilikuwa nyuma ya maegesho ya magari, panapofikiwa kwa kupanda ngazi, mahali ambapo mtu anayeshuka basi hapaoni. Anayetaka kwenda kule lazima awe anapajua. Wateja wa mama walipungua. Sasa anashona mpaka Jumapili, na mimi natia vifungo kila siku nikitoka shule, polepole, kimoja kimoja.

Bwawa lilijengwa vile vile, maana fedha zake zilikuwa zimeshapitishwa. Siku ya ufunguzi maji yaliruka na watu walipiga makofi. Baada ya wiki chache pampu iliharibika. Leo lina maji ya kijani chini na chupa za plastiki juu. Kila asubuhi napita kando yake nikienda shule, na sijawahi kuona mtu ameketi pembeni akitabasamu.

Babu Soli alijaribu miezi miwili kule nyuma. Mtu aliyekatikiwa na ndala hawezi kuvuka maegesho yote na kupanda ngazi akitafuta fundi, na mzee mwenye mguu mbovu hawezi kupanda ngazi hizo kila siku. Alijaribu kukaa kando ya bwawa na kikapu chake cha vifaa, mgambo wakamfukuza, wakasema pale ni mahali pa mapumziko. Akarudi nyumbani, akaacha.

Mwaka uliofuata, nikiwa darasa la saba, Dada Ramani alikuja tena darasani na fomu. Halmashauri ilitaka kujua wakazi wanaonaje mji wao mpya. Safari hii alisema atapita mwenyewe nyuma yetu, nyumba moja moja, kuhakiki. Aliuliza nani atachukua mtaa namba saba. Kobe alinitazama.

Nikanyoosha mkono. Dada Ramani alifikiri kidogo, kisha akanipa fomu ishirini na mbili.

Nyumba ya kwanza nilikwenda kwa Babu Soli. Alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, mikono yake mapajani. Ile gundi nyeusi ilikuwa imeshatoka kwenye vidole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na karatasi zako."

"Nimekuja nazo, babu. Naomba nikuulize."

"Uliza."

Nilijaza namba ya nyumba, idadi ya watu, miaka, umeme. Yote niliyajua, lakini nilimwuliza yote. Kisha nikafika pale nilipokuwa naogopa kufika.

"Swali la tano," nilisoma. "Je, kuna mtu wa nyumba hii anayefanya kazi au biashara Katikati?"

Babu Soli aliitazama mikono yake.

"Andika hapana," alisema. "Safari hii ni kweli."

Niliweka alama. Fomu ikaniambia niende ukurasa wa mwisho. Sikwenda. Nilifunua swali la sita, nikasogeza mkeka karibu na kiti chake, nikaketi.

"Babu, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Kisha akakohoa, akaegemea nyuma, akaanza tangu alipokuwa kijana na jinsi kiatu cha kwanza alichokishona kilivyovunjika kisigino njiani, mwenye nacho akienda harusini. Kalamu yangu ilikimbia kufuata maneno, akainua kidole.

"Taratibu," alisema. "Ndiyo kazi yenyewe hii, mjukuu wangu, hakuna nyingine. Unakaa, unasikiliza mpaka mtu amalize. Haya, andika, na uandike ninavyosema mimi."

Nikaandika. Mistari ilipokwisha niliandika pembeni, na pembeni palipojaa niligeuza karatasi.